Wanne Wasiopatana Chini ya Paa Moja: Uchambuzi wa Kisa cha The Young Ones, BBC 1982–1984

Kisa kwa ufupi

The Young Ones ni kichekesho cha mfululizo kilichorushwa na BBC Two ya Uingereza kuanzia tarehe 9 Novemba 1982 hadi tarehe 19 Juni 1984. Kilikuwa na misimu miwili, kila msimu sehemu sita, jumla 12. Kinahusu vijana wanne wa chuo wanaokaa katika nyumba chakavu kaskazini mwa London, na kati yao hakuna hata wawili wanaopatana. Baada ya sehemu ya 12 waliokiandika walikifunga wenyewe, wakati ambapo watazamaji walikuwa ndio kwanza wanazidi kukipenda.

Nimekichagua kwa sababu waandishi wengi wa vichekesho, hapa kwetu pia, huanzia palepale kilipoanzia: chukua watu wasiofanana, waingize nyumba moja, kisha ngoja wagombane. Miswada ya aina hiyo nimeisoma mingi, na karibu yote huishiwa pumzi mapema. Wahusika hutukanana, hugombea bafu, hugombea chakula, halafu hakuna tena la kufanya. Mwandishi huongeza matusi, na mgonjwa hapati nafuu.

Nina imani kwamba tofauti za wahusika ndiyo sehemu rahisi kabisa ya kazi hii. Kazi ngumu ni mbili: kujua kinachowazuia wasihame, na kupata jambo moja litakalomgusa kila mmoja wao kwa namna yake. Kisa hiki kinaonyesha yote mawili yalivyofanikiwa, na kinaonyesha pia wapi yalishindwa.

Waliounda na kuigiza kipindi hiki ni watu wa hadharani, kwa hiyo nawataja. Katika mzozo mmoja wa kuwapata waigizaji nimeacha majina ya waliogombana, kwa kuwa linalotuhusu ni uamuzi uliotokea, wala si nani alimkosea nani.

Usuli: jukwaa, mtaa na chaneli mpya

Mwaka 1979 Margaret Thatcher aliingia madarakani akiwa waziri mkuu wa Uingereza. Mwaka huohuo ukumbi wa Comedy Store ulifunguliwa Soho, London, juu ya klabu ya wanawake wanaovua nguo jukwaani. Vichekesho vya klabu za Uingereza wakati ule vilisimama juu ya mzaha wa mama mkwe, mzaha wa Waairishi na mzaha wa wahamiaji weusi na Waasia. Vijana waliopanda jukwaa la Comedy Store waliukataa mzaha huo. Walikuwa na hasira, walisema haraka, na waliigeuzia fimbo serikali, polisi na wao wenyewe. Mshereheshaji wao wa kwanza alikuwa Alexei Sayle. Mwaka 1980 baadhi yao walijitenga na kuanzisha ukumbi wao mdogo walioupa jina The Comic Strip.

Rik Mayall na Adrian Edmondson walikuwa wamekutana Chuo Kikuu cha Manchester, na jukwaani walikuwa wakipigana kwa fujo iliyopangwa kwa umakini mkubwa. Ben Elton naye alipitia chuo hichohicho. Nigel Planer alikuwa na mhusika wake wa jukwaani, hipi (kijana wa nywele ndefu anayehubiri amani) mwenye huzuni aitwaye Neil. Mayall alikuwa na wake pia: kijana mshairi aliyejaa ghadhabu na asiye na kipaji. Shikilia hapo, maana tutarudi: kabla ya kuandikwa sehemu hata moja ya runinga, angalau wawili kati ya wakazi wa nyumba ile walikuwa wameshapigwa msasa mbele ya watu waliolipa kiingilio na walioweza kuwazomea.

Nje ya kumbi hizo hali ilikuwa mbaya. Aprili 1981 mtaa wa Brixton, kusini mwa London, ulilipuka kwa ghasia kati ya vijana na polisi. Januari 1982 idadi ya wasio na kazi nchini ilipita milioni 3. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu wakati huo halipi ada, na kama kwao hawana uwezo, halmashauri inampa ruzuku ya kujikimu isiyorudishwa. Ruzuku hiyo ni ndogo. Inamtosha kuwa maskini bila kumtoa chuoni. Vijana wanne wakichanga, wanaweza kulipa kodi ya nyumba mbovu, na hakuna anayeweza kulipa peke yake. Hapo ndipo kifungo cha kisa hiki kilipo, nacho kilitoka katika maisha yalivyokuwa. Waandishi hawakulazimika kukibuni.

Kisha ikaja Channel 4. Chaneli hiyo mpya ilianza kurusha matangazo tarehe 2 Novemba 1982, na usiku wake wa kwanza ikaonyesha filamu fupi ya kuchekesha ya kundi lile la The Comic Strip. BBC ilikuwa imeshaona kwamba vijana hawa wanachukuliwa na mshindani, ikafanya haraka kuwapa nafasi. Ndiyo maana The Young Ones ilianza wiki moja tu baada ya Channel 4 kuzaliwa. Waandishi walikuwa watatu: Ben Elton, Rik Mayall na Lise Mayer, na Alexei Sayle aliandika sehemu zake za ziada.

Wakazi wa nyumba

Rick, aliyeigizwa na Mayall, anasoma sosholojia. Anajiona mshairi wa umma na mwanamapinduzi, nguo zake zimejaa beji, na moyoni anampenda Cliff Richard, mwimbaji mpole kupita wote. Vyvyan, aliyeigizwa na Edmondson, ni punki, yaani shabiki wa muziki wa punk wenye fujo, mwenye nywele za rangi ya chungwa na nyota nne za chuma kwenye paji la uso. Anasomea udaktari, na anabomoa kila anachokigusa. Ana panya wa kufuga aina ya hamsta aitwaye SPG, vifupisho vya kikosi maalumu cha polisi wa London ambacho vijana wengi wa wakati ule walikichukia. Neil wa Planer ndiye hipi: anapika dengu, anafagia, analalamika, hasikilizwi. Wa nne ni Mike, aliyeigizwa na Christopher Ryan, mfupi, mwenye suti na miwani ya jua, anayedhani kila mtu anamwogopa na kila mwanamke anamtaka.

Mwenye nyumba ni Jerzei Balowski, na huyo aliigizwa na Sayle. Katika sehemu mbalimbali Sayle alikuja pia akiwa ndugu na jamaa wengine wa ukoo wa Balowski, akatoa hotuba yake ndefu kwa kamera na kuondoka. Chuo chao kinaitwa Scumbag College, jina la dharau hata kwa wanaosoma pale.

Mambo yalivyokwenda

Sehemu ya kwanza, Demolition, inaanza kwa habari kwamba halmashauri inataka kuibomoa nyumba yao, na inaisha kwa ndege kuiangukia. Hebu fikiria ujasiri wake: kichekesho kinachoitwa cha nyumbani kinaiangamiza nyumba yake usiku wa kwanza. Sehemu ya pili, Oil, vijana walewale wanahamia nyumba nyingine inayofanana na ya kwanza, bila maelezo marefu. Mtazamaji ameshaambiwa kanuni: hapa kifo na uharibifu si wa kudumu, na usisubiri mambo yafuatane kwa mantiki ya kawaida.

Katika sehemu hiyo ya Oil, Vyvyan anadai amekuta mafuta chini ya nyumba. Mike anajitangaza rais, Vyvyan anakuwa askari wake, Neil na Rick wanachimbishwa. Rick anajibu kwa kuandaa tamasha la kuwaunga mkono wafanyakazi wanaonyanyaswa.

Boring inajengwa juu ya malalamiko kwamba hakuna kinachotokea, wakati maajabu yanafanyika pembeni yao na wao hawayaoni. Bomb inaleta bomu la atomiki jikoni. Msimu wa kwanza unafungwa na Flood, London ikiwa imezama katika mafuriko.

Msimu wa pili ulianza tarehe 8 Mei 1984 kwa Bambi. Vijana wanakwenda kwenye shindano la maswali la vyuo la runinga kupambana na timu ya Footlights College, Oxbridge, chuo cha kubuni chenye jina linalounganisha Oxford na Cambridge, iliyoigizwa na Stephen Fry, Hugh Laurie, Emma Thompson na Ben Elton mwenyewe. Njiani Vyvyan anatoa kichwa dirishani mwa treni, kichwa kinakatika, na mwili unashuka kukitafuta. Cash inawaonyesha wakiwa hawana senti, wanachoma fanicha na vitu vyao kwa ajili ya joto, na Neil analazimishwa kwenda kuwa polisi ili nyumba ipate kipato.

Halafu Summer Holiday, ya mwisho. Mwenye nyumba anawafukuza. Wanaiba benki, wanatoroka na basi la ghorofa, basi linapasua bango lenye picha ya Cliff Richard na kuporomoka kwenye genge la mwamba. Wanapumua wakidhani wamepona, kisha basi linalipuka.

Maamuzi makuu na sababu zake

*Kuleta bendi ndani ya nyumba.* Huu ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote. Ndani ya BBC, kipindi kilichohesabiwa kuwa burudani mchanganyiko kilipata fedha nyingi kuliko kichekesho cha kawaida, na kipindi chenye bendi inayopiga muziki kiliweza kuingia fungu hilo. Basi karibu kila sehemu ikawa na bendi. Madness walikuja mara mbili. Dexys Midnight Runners walipiga katika Bomb, Motörhead walipiga Ace of Spades katika Bambi, The Damned wakaja katika Nasty. Flood ndiyo pekee isiyo na muziki wa bendi, na hapo waliweka mfunza simba badala yake.

Mwandishi mvivu angeitimiza kanuni hiyo kwa kubandika wimbo mwishoni. Hawa waliingiza bendi katikati ya hadithi, chooni, sebuleni au baa, kana kwamba kuwa na wapiga gitaa nyumbani ni jambo la kila siku. Fedha zilizopatikana zikalipia milipuko, vikaragosi vinavyosema na kuta zinazobomolewa. Na bendi zikaleta kitu ambacho fedha hazinunui: kijana aliyewasha runinga kwa ajili ya Motörhead alibaki kwa ajili ya Neil. Sharti la idara ya fedha likageuka kuwa umbo la kipindi.

*Kumbadilisha mwigizaji wa Mike.* Nafasi ya Mike ilikusudiwa mchekeshaji mwingine wa kundi lilelile la jukwaani, mtu aliyezoeana na wenzake kwa miaka. Yeye na uongozi wa utayarishaji hawakuelewana. Ikaamuliwa nafasi ichukuliwe na Christopher Ryan, mwigizaji wa kazi ambaye hakutoka katika kundi lile. Sababu inaeleweka. Kipindi kilipaswa kwenda hewani, na timu isiyopatana kweli nyuma ya kamera haiwezi kuigiza kutopatana mbele yake. Gharama ya uamuzi huo nitaieleza chini.

*Kuvunja ukuta kati ya kipindi na mtazamaji.* Wahusika wanajua wako runingani na wanalisema hilo. Katika Sick, Vyvyan anapasua jina la The Good Life, kichekesho kipenzi cha BBC cha miaka ya 1970 kuhusu majirani wastaarabu, na kukishutumu kwa hasira kwa upole wake. Sababu ya kufanya hivi ilikuwa wazi. Walirekodi katika studio ileile ya BBC, mbele ya watazamaji waliokaa vitini, kwa kamera zilezile. Wangeweza kumezwa na desturi ya mahali pale wasipoitaja kwa jina na kuipiga waziwazi.

*Kuacha baada ya sehemu 12.* Hakukuwa na msimu wa tatu, na mwisho uliandikwa ili pasiwe na njia ya kurudi. Kwetu Afrika Mashariki tumezoea kichekesho kinachopendwa kikae hewani. Vitimbi ya Kenya iliishi miaka mingi na kulea waigizaji wengi, nami naiheshimu kwa hilo. Lakini Vitimbi ina wahusika ambao maisha yao yanaweza kusogea: ndoa, biashara, jirani mpya, mjomba kutoka kijijini. Rick, Vyvyan, Neil na Mike hawawezi kusogea. Rick akikua kidogo tu, si Rick tena. Neil akisikilizwa siku moja, kipindi kimekwisha.

Matokeo

Mwanzoni kilikuwa kipindi cha vijana, wakubwa wengi wakikiona ni kelele na uchafu. Marudio na msimu wa pili vilikipanua. Mwaka 1984 Planer, akiwa Neil, alitoa wimbo Hole in My Shoe uliofika nafasi ya 2 Uingereza. Kuanzia 1985 MTV ya Marekani ilikirusha, chaneli ambayo hadi wakati huo ilijulikana kwa muziki mtupu. Mwaka 1986 waigizaji wa nyumba ile waliungana na Cliff Richard mwenyewe kuimba upya Living Doll kwa ajili ya shirika la hisani la Comic Relief, na Machi wimbo ukafika nafasi ya 1. Cliff Richard, ambaye jina la kipindi lilitokana na wimbo na filamu yake ya 1961, alikuwa ameyapokea matani yote yale kwa ukarimu.

Waliokiunda walitawanyika na kuenea. Elton alishirikiana kuandika Blackadder kuanzia msimu wake wa pili, mwaka 1986. Mayall na Edmondson walipita katika Filthy Rich & Catflap ya 1987 pamoja na Planer, kisha wakatengeneza Bottom kuanzia 1991, watu wawili katika nyumba moja mbaya kuliko ile ya kwanza. Mayall alifariki tarehe 9 Juni 2014. Mwaka 2004 Waingereza walipopiga kura ya kichekesho bora cha mfululizo katika zoezi la BBC, The Young Ones ilikuwa ya 31, ikiwa na sehemu zake 12 tu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nianze na Bomb, kwa sababu humo mbinu yote inaonekana. Bomu la atomiki limeanguka jikoni na halijalipuka. Mwandishi asiyejiamini angewaacha wanne wote waogope pamoja, kisha wagombane nani aligusa nini. Waandishi hawa watatu walimpa kila mkazi tamaa yake. Rick anaona silaha ya kuitishia serikali, anakwenda posta kutuma vitisho. Neil anafuata mwongozo ambao serikali ya Uingereza iliuchapisha kweli mwaka 1980 kuwafundisha raia kujikinga na vita vya nyuklia, na anajipaka rangi nyeupe ili mwali umrudie ulikotoka. Mike anatafuta mnunuzi. Vyvyan anataka kulilipua.

Tazama kinachotokea. Hakuna haja ya kugombana kwa maneno, kwa kuwa kila njia inaharibu njia ya mwenzake. Ukiuza bomu, Rick hana kitisho. Ukililipua, Mike hana bidhaa. Mgongano umezaliwa na kitu chenyewe. Na katika dakika zilezile, bila kuhubiri, kipindi kimesema kwa ukali jinsi mwongozo wa serikali kuhusu vita vya nyuklia ulivyokuwa upuuzi wa kutisha. Neil na ndoo yake ya rangi ni kejeli ya kisiasa nzito kuliko hotuba yoyote ya Rick, kwa sababu Neil ndiye pekee aliyetii.

Kwa mwandishi anayejifunza, jaribio lake ni hili: weka kitu kimoja mezani, andika kila mhusika anakitakia nini, kisha uangalie kama kuna wawili wanaotaka kitu kilekile. Wakiwapo, mmoja wao hana kazi ndani ya nyumba yako.

Jambo la pili ni kifungo. Rick, Vyvyan na Neil hawapendani hata chembe, na kipindi hakijidai kwamba ndani kabisa wanapendana. Ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Vichekesho vingi vya nyumba moja hukimbilia kumbatio la mwisho, ambapo waliogombana wanagundua kuwa ni ndugu. Hapa hakuna. Wanakaa pamoja kwa sababu ruzuku ni ndogo na kodi ni ya kuchangia, na hali hiyo mtazamaji wa Uingereza wa 1982 aliijua bila kuambiwa. Ndiyo maana Cash ina nguvu: wanapochoma viti ili wapate joto, unaona kwamba mbele ya mlango kuna baridi na nyuma yake hakuna chochote. Anayeandika leo kuhusu vijana wa geto la Sinza au wanaobanana chumba kimoja karibu na chuo Nairobi ana kifungo cha namna hiyohiyo mkononi, naye anapaswa kukihesabu kwa shilingi: nani anachangia ngapi, nani amekopa, mwenye nyumba anakuja tarehe ngapi.

Tatu ni wahusika waliokomaa kabla ya kamera. Neil na mshairi wa Mayall walikuwa wameshajibiwa na kumbi. Planer alijua kimya cha Neil kinaweza kuvutwa kwa muda gani kabla watu hawajaacha kucheka. Ujuzi huo hauandikiki kwenye mswada. Tuna vikundi vingi vya vichekesho vinavyoanza kwa kamera ya simu bila kupita mbele ya watu walio hai, na mara nyingi mhusika hujulikana kwa nguo na lafudhi tu. Ningependa waanze harusini, kwenye mahafali, popote penye watu.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Mike hakufanikiwa, na hilo silisemi kwa kumdharau Ryan, aliyeigiza kwa nidhamu alichopewa. Tatizo lilikuwa kwenye ramani ya wahusika. Rick anamchukia Vyvyan, Vyvyan anampiga Rick, wote wawili wanamwonea Neil, Neil anawatia wote hatia. Hapo pembetatu imekamilika. Mike yuko nje yake. Hakuna anayempinga, hakuna anayemuumiza, kwa hiyo hana la kupoteza, na mhusika asiyeweza kupoteza hachekeshi. Nafasi yake iliwazwa kwa mtu wa kundi lilelile, ambaye mamlaka yake juu ya wenzake yangeonekana hata bila kuandikwa. Mtu alipobadilika, ilibidi mamlaka hayo yaandikwe, na mara nyingi hayakuandikwa.

Ushahidi kwamba dawa ilikuwapo ni Oil. Mike alipokuwa rais mwenye askari na vibarua, ghafla alikuwa na kitu cha kuangushwa nacho. Wangeweza kumpa cheo cha namna hiyo katika kila sehemu: leo mkusanyaji wa kodi, kesho mwenye ufunguo wa jokofu. Waliiacha njia hiyo baada ya kuigusa mara moja, na katika sehemu nyingi zilizofuata Mike anaingia, anasema neno moja la kujisifu, anatoka.

Kasoro ya pili ni wanawake. Mmoja wa waandishi alikuwa mwanamke, na kundi la The Comic Strip lilikuwa na Dawn French na Jennifer Saunders, ambao baadaye kila mtu alijua uwezo wao. Walikuja kama wageni. Ndani ya nyumba hakukuwa na mwanamke, na waliopita mara nyingi walikuwa chambo cha kuonyesha ujinga wa Rick na Mike kuhusu mapenzi. Kundi lililojinadi kwa kukataa mzaha wa kudhalilisha wanawake lingeweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Mkazi wa nne ambaye ni mwanamke, mwenye tamaa yake kuhusu bomu, angeziba pengo la Mike na hili kwa pamoja.

Kuhusu hadithi zinazosambaratika kabla ya mwisho, wakosoaji wengi huzihesabu kasoro. Mimi nahesabu nusu. Katika Flood au Boring kusambaratika ndiko kunakoleta furaha. Katika Nasty na Time naona waandishi wakirusha vipande vingi kwa sababu kitu cha katikati hakikuwa na nguvu, na hapo hotuba za Sayle, zenye akili jinsi zilivyo, zinasimama kama matangazo kati ya mambo mengine.

Jaribio la Marekani linafunga hoja ya kifungo vizuri. Mwaka 1990 mtandao wa Fox ulirekodi sehemu ya majaribio ya toleo lake, Planer akiwa mwigizaji pekee kutoka nyumba ya zamani. Haikuendelezwa. Walichoweza kuhamisha ni nywele, kelele na aina za watu. Ruzuku ya halmashauri, ada isiyolipwa na chuo cha dharau kinachokupa haki ya kuwa maskini kwa miaka mitatu havikuhamishika, kwa kuwa Marekani havikuwapo. Na Uingereza yenyewe ilikuwa inaviacha: mikopo ya wanafunzi ilianza mwaka huohuo wa 1990, na ada ya chuo ikaja 1998. Anayetaka kuwarudisha wale wanne leo itambidi kwanza awatafutie deni, na deni humfanya mkazi aamke mapema kwenda kazini, nyumba ikabaki tupu mchana kutwa.